Pakiti, dafu, soda au dripu: mtoto akiharisha unalipia nini

Saa tatu usiku, kwenye dirisha la duka la dawa lenye nondo, mbele yangu amesimama jirani yangu Baba Asha na noti ya elfu kumi aliyoikunja mara nne. Mtoto wake wa mwisho, wa mwaka mmoja na nusu, anaharisha tangu adhuhuri. Ameshaagiza kopo la glukosi, soda ya machungwa kutoka friji la pembeni, "isiwe ya baridi sana", na chupa ya flajili ya watoto. Muuzaji akamuuliza kama amwekee na ORS.

"Ile ya chumvi chumvi? Hapana dada. Mtoto haipendi, na wala haikati kuharisha."

Yuko sahihi kwa yote mawili. Watoto wengi hukunja uso wakiionja, na ORS haikuundwa kukata kuharisha. Iliundwa kurudisha maji mwilini wakati kuharisha kunaendelea, na tofauti hiyo hakuna anayeieleza dirishani saa tatu usiku. Kwa hiyo mnunuzi anaipima kwa kazi ambayo haikuahidi, huku vitu vya rafu ya jirani akivipima kwa utamu na kwa picha ya mtoto mwenye misuli iliyochorwa kwenye kopo. Nikiwa nasubiri zamu yangu nikaanza kupiga hesabu ya ile elfu kumi: katika vyote anavyoweza kununua, ni kipi kitavuka ukuta wa utumbo, na ni kipi kitaishia kwenye nepi?

Mtaani kwetu Dar es Salaam, elfu moja inapata pakiti moja ya ORS, na ukibahatika mbili. Elfu moja hiyo hiyo inapata soda moja. Dafu huenda likakuhitaji uongeze kidogo, kutegemea umesimama Kariakoo au umbali gani kutoka shambani. Ukitazama bei peke yake, vyote ni ndugu. Bei ya lita ndiyo inayotupoteza, kwa sababu mtoto anayeharisha haponi kwa lita alizomeza. Anapona kwa zile zilizoingia.

Ukuta wa utumbo mdogo umepangwa seli bega kwa bega, na kila seli imevikwa utando wa mafuta wa tabaka mbili. Aliyewahi kuosha sufuria ya pilau kwa maji ya baridi anajua jinsi mafuta na maji visivyosikilizana. Chumvi na sukari zikishayeyuka kwenye maji huwa upande wa maji, na yale mafuta ya utando hayazipi njia. Bila mlango zingebaki zimesimama kituoni, zikipitwa na seli moja baada ya nyingine kama abiria wa jioni na daladala zilizojaa.

Mlango upo. Ni protini iliyochomekwa ndani ya mafuta hayo, ikatoboa tabaka zote mbili, na wanasayansi wanaiita SGLT1. Tabia yake ni kwamba haipokei mgeni mmoja. Hushika sodiamu mbili, ambayo ndiyo nusu ya chumvi tunayotafuta, na glukosi moja. Kisha hujigeuza, mdomo uliokuwa ukitazama utumboni ukatazama ndani ya seli, na abiria wote watatu wakashuka pamoja. Upande wa pili wa seli kuna pampu inayoitoa sodiamu kuelekea kwenye damu bila kupumzika, na glukosi nayo ina njia yake ya kutokea. Maji hufuata nyuma, kwa sababu maji huelekea kule kulikokolea zaidi. Mmarekani Robert Crane aliieleza hoja hii ya sodiamu na glukosi kusafiri pamoja kwenye mkutano uliofanyika Prague Agosti 1960, na kila pakiti ya ORS iliyouzwa tangu hapo imesimama juu yake.

Mafuta ya utando huo huo, hata hivyo, ndiyo yanayompa adui mahali pa kushika. Baadhi yake yana kichwa cha sukari kinachochungulia nje ya seli, na mojawapo huitwa GM1. Sumu inayotolewa na kimelea cha kipindupindu ni protini yenye sehemu tano zilizojipanga kama pete, na kila sehemu inaweza kukamata GM1 yake. Mshiko mmoja ungeweza kuachia, lakini mitano ikishika pamoja haibanduki. Seli hubonyea pale iliposhikwa na kuimeza sumu pamoja na mafuta yaliyoikamata, na mafuta hayo ndiyo yanayoisindikiza ndani kabisa, kinyumenyume cha njia ambayo seli hutumia kusafirishia bidhaa zake nje. Huko kipande kimoja cha sumu huchomoka na kushikilia swichi ambayo haizimiki tena. Kloridi inamwagwa utumboni, sodiamu na maji vinaifuata, na njia nyingine ya kawaida ya kuingiza sodiamu inazibwa. Mtu mzima mwenye kipindupindu kikali anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa, kinyesi kikiwa kama maji ya kuoshea mchele. Sambhu Nath De ndiye aliyeonyesha Kolkata mwaka 1959 kwamba ni sumu inayofanya kazi hiyo, mwaka mmoja tu kabla ya Crane kusimama Prague.

Na katika uharibifu wote huo, SGLT1 haiguswi. Mlango wa sodiamu na glukosi unabaki wazi hata nyumba nzima ikivuja. Sumu ya aina mojawapo ya bakteria E. coli, inayowaharisha watoto wetu mara nyingi kuliko kipindupindu, ni ndugu wa ile ya kwanza na hushika GM1 hiyo hiyo, nayo pia huuacha mlango huo. Virusi vya rota hupita njia nyingine na kuziharibu baadhi ya seli, ila zinazobaki hutosha. Basi swali la dukani ni moja: katika vitu hivi, kipi kinaleta sodiamu na glukosi kwa pamoja, kwa kiasi ambacho mlango unaweza kukipokea?

Tuanze na pakiti. Fomula inayotumika sasa, iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwanzoni mwa miaka ya 2000, ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitireti, zote kwa lita moja ya maji. Jumla ni gramu 20.5. Kwa lugha ya maabara ni milimoli 75 za sodiamu kwa milimoli 75 za glukosi, na hao ndio wawili wanaosubiriwa mlangoni. Fomula ya zamani ilikuwa imekolea zaidi, na watoto waliopewa hii mpya walipungua kuhitaji dripu kwa karibu theluthi moja, wakatapika mara chache kuliko wenzao na kinyesi chao kikapungua. Kwa hiyo hata malalamiko ya Baba Asha kwamba haikati kuharisha yana majibu nusu: haikati, lakini hii ya sasa hupunguza.

Geuza pakiti uisome nyuma. Ya lita moja iwe na gramu 20.5. Zipo za nusu lita zenye takribani gramu 10, na za mililita 200 zenye gramu nne na ushei. Makosa mengi hutokea hapa, kwenye maji. Mama anamimina pakiti ya lita moja kwenye kikombe cha chai kwa sababu mtoto hawezi kumaliza lita, na kinachopatikana kimekolea mara nne. Au anaitia kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu kwa sababu ndiyo iliyopo, ikawa nyepesi. Zambia walilitazama tatizo hili vizuri: mradi wa ColaLife ulitengeneza kifurushi cha Kit Yamoyo chenye pakiti za mililita 200, na boksi lenyewe likawa ndilo kipimo cha maji. Mimi jagi langu la jikoni, lililoandikwa lita moja kwa herufi kubwa za bluu, nililijaza kwa chupa mbili za nusu lita nikakuta mstari uko juu zaidi kwa upana wa vidole viwili. Miaka mingapi tumepimia uji humo, sijui. Tangu siku hiyo nachora mstari wangu kwa kalamu ya rangi.

Soda sasa. Kola ya kawaida ina takribani gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100, yaani gramu 106 kwa lita, karibu mara nane ya sukari ya ORS. Sodiamu yake haifiki hata sehemu ya kumi ya ile ya pakiti. Sukari hiyo ikishavunjwa utumboni, kile kinywaji huwa kimekolea takribani mara mbili ya damu yenyewe. Na maji, kama tulivyosema, hufuata kulikokolea. Badala ya kutoka utumboni kwenda kwenye damu, yanaweza kutoka kwenye damu kwenda utumboni, na mtoto aliyekuwa anaharisha akaharisha zaidi, huku wewe umelipa. Kuna wanaochanganya soda na maji nusu kwa nusu. Inapunguza madhara, lakini sukari inabaki mara nne na chumvi inazidi kupungua. Kwa upande wa sodiamu, hakuna idadi ya soda unayoweza kununua ikafikia pakiti moja kabla tumbo la mtoto halijapasuka.

Vinywaji vya nguvu viko kundi hilo hilo, na vingi vina kafeini juu yake. Vile vya wanamichezo vina chumvi kidogo, kwa kawaida sodiamu ya milimoli 20 au karibu na hapo kwa lita, na sukari ya asilimia sita. Vilitengenezwa kwa jasho, ambalo halifanani na kinachotoka kwenye nepi.

Glukosi ya kopo ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu iko karibu kabisa na ukweli. Ni ile ile glukosi inayotakiwa mlangoni, imetengenezwa safi, imetiwa vitamini na pengine kalisiamu. Kilichokosekana ni mwenzake. Kopo limejaa abiria wa kiti kimoja, wakati mlango unapokea watatu kwa mpigo, na wawili kati yao lazima wawe sodiamu. Kwa mzima aliyechoka ni kinywaji kitamu. Kwa mtoto anayeharisha ni nusu ya dawa inayouzwa kwa bei inayozidi ya dawa nzima.

Dafu linahitaji heshima zaidi, na wasomaji wa Pwani wasinirukie. Ni safi ndani ya ganda lake, halihitaji kuchemshwa, watoto wanalipenda, na lina potasiamu nyingi kupita ya ORS. Lakini sodiamu yake kwa kawaida ni ndogo sana, na hiyo ndiyo inayotoka kwa wingi mtoto anapoharisha. Mtoto mwenye tumbo la kuendesha kidogo, anayecheza na kula wali na mchuzi wenye chumvi, dafu linamfaa. Chumvi ataipata sahanini. Mtoto ambaye macho yameanza kuingia ndani, dafu halimtoshi. Ukipata dafu, mpe pamoja na ORS.

Kwenye kundi hili la vinywaji vya kawaida naweka na juisi ya tofaa, kwa ajili ya ndugu zetu walioko Ulaya na Amerika ambako iko kwenye kila friji. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2016, wenye watoto 647, ulikuta kwamba watoto wenye dalili ndogo tu za kukaukiwa waliopewa juisi ya tofaa iliyozimuliwa nusu kwa nusu, kisha vinywaji wanavyovipenda, walihitaji msaada zaidi mara chache kuliko waliopewa maji ya chumvi ya dukani: asilimia 16.7 dhidi ya 25. Matokeo hayo nayaamini, na sababu yake ni rahisi, kwamba mtoto hunywa anachokipenda. Ila walikuwa watoto waliolishwa vizuri, hospitali ikiwa karibu, na ugonjwa ulikuwa mwepesi. Kuyachukua majibu hayo na kuyapeleka kwenye kambi ya kipindupindu ni hatari. Ndugu hao hao watakuta dukani Pedialyte ya chupa, yenye sodiamu ya milimoli 45, au Dioralyte ya Uingereza yenye 60, ya kuyeyushwa kwenye mililita 200. Zote zinafaa kwa tumbo la kawaida. Kinachoongeza bei ya ile ya chupa ni kwamba unalipia maji, plastiki na lori lililoyabeba.

Sasa mchanganyiko wa nyumbani: vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa, kwa lita moja ya maji safi. Hesabu yake inapendeza. Vijiko sita vya sukari ni kama gramu 25, na sukari ya mezani ni glukosi na fruktosi zilizoshikana. Zikiachana utumboni unapata milimoli 73 za glukosi, karibu sawasawa na 75 za pakiti. Nusu kijiko cha chumvi ni kama gramu 3, sawa na sodiamu ya milimoli 50 hivi. Kilo ya sukari ikiwa shilingi 3,000, sukari hiyo ni shilingi 75. Chumvi ni shilingi chache ambazo hata mwenye duka hawezi kukudai. Mkaa wa kuchemshia maji utagharimu kuliko vyote viwili. Potasiamu na sitireti hazimo, lakini kwa chini ya shilingi mia, hakuna kitu sokoni kinachokaribia.

Gharama yake imejificha kwenye neno "kijiko". Nilichukua mizani ya jikoni na vijiko viwili vya chai vya nyumbani kwangu. Kile cha kila siku, kikisawazishwa kwa kisu, kilibeba gramu 5 za chumvi. Kile kikubwa kilichokuja kwenye seti ya zawadi ya harusi kilibeba gramu 8, na nilipokichota kwa mlima, kama binti yangu anavyochotea sukari, gramu 12. Nusu ya cha kwanza inatoa sodiamu ya milimoli 43 kwa lita. Nusu ya ule mlima inatoa zaidi ya 100. Chumvi ikizidi kwenye damu ya mtoto mdogo huweza kuleta degedege, na mtu atasema ni homa. Ndiyo sababu wauguzi husema onja kwanza: ikizidi chumvi ya machozi, mwaga.

Bangladesh walijaribu kulitatua hili kwa mikono badala ya vijiko. Shirika la BRAC, katika miaka ya 1980, lilipeleka wanawake nyumba kwa nyumba kufundisha kina mama kuchanganya kwa bano la vidole la chumvi na konzi ya sukari guru, wakazifikia kaya kama milioni 12. Walimu hao hawakulipwa kwa idadi ya nyumba walizopita tu. Msimamizi alirudi baadaye, akawauliza kina mama wanakumbuka nini, na malipo ya mwalimu yakategemea majibu. Ningependa kuona bajeti ya afya ya kwetu ikilipwa kwa kipimo hicho.

Uji mwepesi wa mchele wenye chumvi nao usidharauliwe. Wanga huvunjwa polepole kuwa glukosi pale pale karibu na mlango, kwa hiyo uji unaleta sukari nyingi bila kukolea kwa ghafla, na kwa wagonjwa wa kipindupindu ORS ya mchele imeonekana kupunguza kinyesi kuliko ya glukosi. Unaharibika haraka kwenye joto letu, huo ndio ubaya wake mkubwa.

Hapo dirishani mtu wa tatu kwenye foleni aliingilia kati, kama kawaida yetu: "Baba Asha, usipoteze muda. Mpeleke akatundikiwe dripu, atarudi mzima." Dripu ndiyo bidhaa inayoheshimiwa kuliko zote, na ndiyo ghali kuliko zote: chupa, mpira, kanyula, mkono wa nesi, kitanda, bodaboda ya kwenda na kurudi, na siku ya kazi iliyopotea. Yenyewe haiutumii mlango wa utumbo; inauruka na kuingia kwenye mshipa. Kuna wakati haina mbadala. Mtoto aliyelegea au asiyejitambua, asiyeweza kunywa au anayetapika kila tone, ambaye ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama kabla ya kurudi, huyo usikae unalinganisha bei. Mpakie aende. Na huko asiwekewe ya glukosi tupu. Inayotakiwa ni ile ya Ringer au, ikikosekana, ya chumvi ya kawaida.

Kwa waliobaki, yaani wengi, dripu ni kulipia barabara ya kuzunguka wakati mlango uko wazi. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 80 ya wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kutibiwa kwa ORS peke yake. Aliyelithibitisha hilo katika mazingira magumu kabisa ni Dilip Mahalanabis, kwenye kambi ya wakimbizi Bangaon, mpakani mwa India na Bangladesh, mwaka 1971. Dripu zilikuwa zikiisha na wagonjwa wamelala sakafuni. Aliagiza chumvi, glukosi na bikaboneti vipimwe kwenye mifuko ya plastiki, vikorogwe kwenye mapipa, na ndugu wa wagonjwa wenyewe ndio wakanywesha. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vilishuka hadi asilimia 3.6 kwa waliokuwa chini ya uangalizi wake. Miaka saba baadaye jarida la The Lancet liliandika kwamba ugunduzi wa glukosi kusaidia chumvi kufyonzwa huenda ndio hatua kubwa kuliko zote za tiba katika karne ile.

Kuhusu chanjo nitapita haraka, kwa kuwa si kitu unachonunua saa tatu usiku. Inayouzwa kwa wasafiri, Dukoral, ina ile pete ya sehemu tano ya sumu bila kipande chenye madhara, ili mwili ujifunze kuzuia mshiko wa GM1 kabla haujatokea. Hiyo ndiyo iliyotolewa Unguja na Pemba mwanzoni mwa 2009, na waliopata dozi mbili walikingwa kwa asilimia 79 katika muda uliofuatiliwa. Inahitaji kukorogwa na unga wa kupunguza asidi na bei yake iko juu, hivyo kampeni za siku hizi hutumia chanjo za bei nafuu zisizo na pete hiyo. Ikija kampeni mtaani kwenu ni ya bure, kanywe.

Tahadhari moja kuhusu maandishi. India, vinywaji vitamu vya boksi viliuzwa kwa miaka kwenye maduka ya dawa vikiwa na herufi ORS ndani ya majina yake, hadi mamlaka ya usalama wa chakula ya huko ilipopiga marufuku matumizi hayo Oktoba 2025. Bidhaa husafiri, na rafu zetu zinapokea nyingi kutoka huko. Tafuta namba badala ya jina, kwa milimoli: sodiamu 75, glukosi 75, jumla ya vyote vilivyoyeyuka 245.

Flajili ya Baba Asha ina kazi yake kwa amiba na giadia, ikiandikwa na daktari aliyepima. Kwa virusi haina la kufanya. Pesa hiyo ni bora iende kwenye zinki: miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Ndiyo inayofupisha kuharisha na kupunguza uwezekano wa kurudi wiki zinazofuata, na ndiyo ambayo wazazi huiacha siku ya tatu mtoto anapoanza kucheka. ORS na zinki kwa pamoja, kwa bei za ununuzi wa jumla wa kimataifa, ni chini ya nusu dola kwa mgonjwa mmoja.

Kunywesha nako kuna gharama yake, nayo hulipwa kwa usingizi. Kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha uanze tena taratibu. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Aliyezidi hapo, 100 hadi 200. Ziwa la mama liendelee. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe, hata kama jagi limejaa nusu.

Yote hayo sikumweleza pale dirishani. Nilisema ya sodiamu mbili na glukosi moja, na muuzaji akasema yaliyobaki vizuri kuliko mimi. Baba Asha alirudisha kopo la glukosi na flajili, soda akaifungua akainywa mwenyewe. Akapewa pakiti mbili na kadi ya vidonge vya zinki. Chenji ilikuwa zaidi ya nusu ya noti yake. Akaihesabu mara mbili, akainama kwenye nondo.

"Dada, hakuna ya bei kubwa kidogo?"

"Ipo ya ladha ya chungwa," muuzaji akasema. "Gramu zile zile."

Akaichukua.